Kompyuta Inapokataa Mfumo Mpya: Uchunguzi katika Hewa ya Chumvi

Katika vijiji vya mwambao, kuanzia Bagamoyo hadi Saadani na kupanda hata Pangani, kompyuta mpakato si kitu cha ajabu tena. Hutumika shuleni, katika zahanati, katika ofisi za vijiji, katika hifadhi ya wanyama na penye mashamba ya chumvi. Nyingi kati ya hizo hazikununuliwa mpya. Zimepitia mikono ya watu wengine, mara nyingi ng'ambo, kabla ya kufika katika maduka ya Dar es Salaam na kisha kupakiwa katika basi la kuelekea kaskazini. Siku inapofika ya kuiwekea kompyuta kama hiyo mfumo endeshi mpya, kazi ambayo mafundi wa mitaani huiita "kupiga windows", aghalabu mtambo hukataa. Skrini husimama, huandika maneno machache yasiyoeleweka, au huzimika kabisa.

Hapo ndipo hasara huanza. Mwenye mali huambiwa kwamba mashine imekufa na kwamba anunue nyingine. Au fundi mwenye pupa hufuta kila kilichomo ndani ili aanze upya, na kazi ya miaka mitatu ikapotea kwa dakika moja. Hali zote mbili zaweza kuepukwa. Kompyuta haikatai kwa ukaidi wala kwa bahati mbaya. Kila inapokataa ipo sababu, na sababu hiyo hutafutwa kwa njia ile ile anayoitumia mwanasayansi katika maabara: kuangalia, kukisia, kujaribu jambo moja kwa wakati mmoja, na kuandika matokeo.

Baharia wa zamu na nahodha

Ili kuelewa kinachotokea, ni vema kwanza kufahamu jinsi kompyuta inavyoamka. Mfumo endeshi ni programu kuu inayotawala mtambo mzima. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaopokea herufi kutoka katika kibodi, unaoandika na kusoma katika diski, na unaoruhusu programu nyingine zifanye kazi. Waweza kulinganishwa na nahodha wa jahazi. Bila yeye tanga lipo, usukani upo na mabaharia wapo, lakini safari haipo.

Hata hivyo nahodha huyu hulala ndani ya diski kila kompyuta inapozimwa, wala hawezi kujiamsha mwenyewe. Yupo baharia wa zamu aliye macho kabla yake. Huyo ni programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya pekee juu ya bodi kuu, ambayo mafundi huiita bayosi. Jina hilo limezoeleka tangu kompyuta za IBM za mwaka 1981. Katika mashine za siku hizi kazi yake hufanywa na programu ya aina mpya iitwayo UEFI. Umeme unapoingia, baharia huyu hukagua jahazi: je, kumbukumbu ipo? Diski ipo? Kibodi ipo? Akiridhika, humtafuta nahodha alipolala na kumkabidhi chombo.

Kuweka mfumo mpya, basi, ni safari yenye hatua kadhaa. Baharia wa zamu huusoma mfumo huo kutoka katika flashi, huupitisha katika kumbukumbu ya kazi ambayo mafundi huiita ramu, kisha mfumo wenyewe hujinakili katika diski kuu. Njia hiyo ikikatika mahali popote, kazi husimama. Swali la mchunguzi si "kwa nini kompyuta hii ni mbovu?" bali ni "njia imekatika wapi?"

Mfano wa shule ya mwambao

Chukuliwe mfano wa kompyuta mpakato ya mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari isiyo mbali na ufuko. Mfano huu si wa shule moja maalumu, bali umekusanya mambo yanayotokea mara kwa mara. Kompyuta ilitengenezwa mwaka 2016. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 na mfumo wa Windows 10, ambao mtengenezaji wake aliacha kuutolea marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Ndani yake zimo alama za maendeleo za wanafunzi wa kidato cha nne, na nakala nyingine haipo popote. Mwalimu anataka mfumo mpya. Alijaribu Windows 11, ikakataliwa mara moja. Alijaribu mfumo mwingine kwa flashi ya mkopo, ukakwama palepale kila mara. Akaazima flashi ya pili, na safari hii kazi ikaanza vizuri lakini ikasimama katika asilimia 27. Alipoanza tena ikasimama katika 61, kisha katika 44.

Kwa mtu asiye mchunguzi hayo yote ni jambo moja: kompyuta imekataa. Kwa mchunguzi hayo ni mambo matatu yaliyo mbalimbali kabisa, na kila moja lina dawa yake.

Kwanza kuokoa, ndipo kutengeneza

Kabla ya kugusa lolote, alama za wanafunzi hazina budi kuokolewa. Programu ya kuwekea mfumo huuliza, katika hatua moja, kama diski ifutwe. Neno hilo huonekana dogo, nalo limewaliza wengi.

Ikiwa mfumo wa zamani bado unaamka, mafaili hunakiliwa katika diski ya nje. Ikiwa hauamki, ipo njia ya pili. Mifumo mingi ya jamii ya Linux yaweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka katika flashi bila kuandika chochote katika diski kuu. Kwa njia hiyo fundi huamsha mashine kwa nahodha wa kuazima, akafungua ghala na kutoa mizigo kabla ya matengenezo. Nakala ziwe mbili, zikae mahali pawili, na zifunguliwe katika kompyuta nyingine ili kuhakikisha kwamba zinasomeka. Nakala ambayo haijafunguliwa ni matumaini tu.

Pana tahadhari moja hapa. Kompyuta nyingine hufungwa diski zake kwa maandishi ya siri. Mabadiliko katika bayosi yaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kufungua diski. Ufunguo huo utafutwe na kuandikwa kwenye karatasi mapema, kabla ya kubadilisha kitu.

Kukataa kwa sheria

Kukataa kwa kwanza kwa kompyuta ya mwalimu hakukuwa na ubovu wowote ndani yake. Windows 11, iliyotolewa mwezi Oktoba 2021, imewekewa masharti na watengenezaji wake. Pamoja na kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 na diski isiyopungua gigabaiti 64, inadai chipu ya usalama ya toleo la 2.0, bayosi ya aina mpya yenye uwezo wa kuhakiki hati za nahodha kabla ya kumkabidhi chombo, na kichakato kilichomo katika orodha maalumu. Vichakato vya kawaida vya mwaka 2016 havimo katika orodha hiyo, hata kama vina nguvu ya kutosha.

Kukataa kwa namna hii hutambulika kwa urahisi: hutokea mwanzoni, mara moja, na kwa maneno yale yale kila mara. Dalili hizo zikionekana, kufungua mashine kwa bisibisi ni kupoteza muda. Kwanza itazamwe bayosi, kwani mara nyingine chipu ya usalama ipo ila imezimwa, na kuiwasha kunatosha. Ikiwa kichakato chenyewe hakimo katika orodha, shauri lililo salama ni kuchagua mfumo mwingine unaoipokea mashine hiyo. Mifumo ya Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, hutolewa bure, na baadhi yake imetengenezwa makusudi kwa ajili ya mashine za zamani. Mwalimu aliyekuwa tayari kutoa fedha kwa kompyuta mpya alihitaji kubadilisha shauri tu.

Kukataa kwa kudumu

Kukataa kwa pili ni kule kunakotokea mahali pale pale kila jaribio linaporudiwa, lakini si kwa sababu ya sharti la mtengenezaji. Kosa lisilohama huonyesha kitu kisichobadilika: faili lililoharibika, flashi yenye kasoro, au mpangilio usiofaa.

Faili la mfumo lililopakuliwa kutoka katika intaneti, hasa pale mtandao unapokatika mara kwa mara, laweza kufika na upungufu. Watengenezaji huchapisha alama ya uhakiki ya tarakimu na herufi 64, itokanayo na hesabu inayofanywa juu ya faili zima. Fundi huifanya hesabu ile ile juu ya nakala yake na kulinganisha. Herufi moja ikitofautiana, faili si lile lililotolewa, na lipakuliwe upya.

Flashi nayo isiaminiwe kwa maandishi yaliyo juu yake. Zipo sokoni flashi za udanganyifu zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 64 ilhali chipu iliyomo ina sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Flashi hizo hupokea mafaili yote bila kulalamika, lakini kinachopita uwezo wake wa kweli hupotea. Dawa ni kuijaza yote kwa programu ya majaribio, kisha kuyasoma yaliyoandikwa na kuyalinganisha. Flashi ya kwanza ya mwalimu ilishindwa katika jaribio hilo, na ndiyo maana mfumo ulikwama palepale kila mara.

Hata flashi ya kweli yaweza kukwamisha kazi ikiwa imepangwa kwa utaratibu wa kale uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja lenye gigabaiti 4 au zaidi. Mifumo ya siku hizi huwa na mafaili makubwa kuliko hayo, hivyo flashi itayarishwe kwa programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo badala ya kunakili kwa mkono.

Zaidi ya hayo ni hali ya diski kutoonekana kabisa. Mashine inasema haina diski, ingawa mfumo wa zamani uliamka asubuhi ile ile kutoka katika diski hiyo. Katika kompyuta nyingi za miaka ya karibuni, diski hupitia kiungo maalumu ambacho programu ya kuwekea mfumo haikifahamu mpaka ipewe draiva yake. Draiva hiyo hupatikana kwa mtengenezaji wa kompyuta, nayo huwekwa katika flashi. Na mashine ikisema kwamba diski imepangwa kwa jedwali lisilofaa, maana yake ni kwamba baharia wa zamu na diski wanatumia taratibu mbili tofauti, mmoja wa kale na mmoja mpya. Jedwali la kale haliwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2 hivi, na ni mojawapo ya sababu za kuletwa kwa lile jipya. Hapo ndipo mafundi wengi hufuta diski nzima. Mara nyingi ilitosha kuiamsha flashi kwa utaratibu unaolingana na diski.

Saa ya kompyuta pia itazamwe. Nyingi huiendesha kwa betri ndogo ya volti 3 yenye umbo la sarafu. Betri hiyo ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi. Mashine inayodhani kwamba ipo mwaka 2010 huziona hati za usalama za leo kuwa hazijaanza kutumika, ikakataa kuwasiliana na mitambo ya kupakulia mfumo. Kurekebisha tarehe ni kazi ya dakika moja.

Kukataa kwa kuhamahama

Asilimia 27, kisha 61, kisha 44: huku ndiko kukataa kwa tatu, na ndiko kunakosumbua zaidi. Faili lililoharibika haliwezi kuharibika mahali pengine kila siku. Kosa linalohama huonyesha kitu kinachobadilika wakati kazi inaendelea: umeme, joto, au mguso usio imara baina ya vipande vya mtambo.

Mchunguzi huanza na kile kilicho rahisi kujaribiwa. Kompyuta huendeshwa kwa betri yake iliyojazwa, mbali na umeme wa jua wa shule ambao hupanda na kushuka mawingu yanapopita. Kosa likitoweka, mshitakiwa ni umeme au chaja. Katika mfano huu kosa halikutoweka. Kisha jaribio hufanywa alfajiri kabla ya jua kupanda, feni ikiwa imepulizwa vumbi, kwani kichakato kinapokaribia nyuzi 100 za sentigredi hujipunguzia kasi au huzimika ili kisiungue. Kosa likabaki vile vile. Kisha hukaguliwa diski, ambayo hujiwekea kumbukumbu ya sehemu zilizoharibika ndani yake. Programu ya ukaguzi huisoma taarifa hiyo. Diski ilikuwa nzima.

Ilibaki ramu. Kumbukumbu ya gigabaiti 4 ina vyumba vipatavyo bilioni 34, kila kimoja kikihifadhi sifuri au moja. Chumba kimoja kikigeuza moja kuwa sifuri wakati mfumo unanakiliwa, faili huharibika, na kwa kuwa kila jaribio huvitumia vyumba hivyo kwa mpango tofauti, kosa huonekana kuhama. Zipo programu za bure zinazoandika na kusoma kila chumba mara nyingi. Programu hiyo huachwa usiku kucha. Katika mfano huu, kulipopambazuka skrini ilikuwa imejaa mistari myekundu ya makosa.

Chumvi isiyokauka

Fundi wa bara angeagiza kipande kipya cha ramu. Fundi wa mwambao hana budi kujiuliza swali moja zaidi, na swali hilo linahusu hewa.

Kijiji cha Saadani kimo kaskazini ya mdomo wa Mto Wami, kimezungukwa na hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2005, na mbele yake ni Bahari ya Hindi. Upepo wa kusi na wa kaskazi hubeba matone madogo mno ya maji ya bahari. Tone likikauka hewani, huacha chembe ya chumvi, na feni ya kompyuta huivuta chembe hiyo ndani pamoja na hewa ya kupoozea.

Wavunaji wa chumvi wa pwani hiyo wanafahamu vema kwamba chumvi ya bahari si kitu kimoja. Chumvi ya mezani huanza kunyonya mvuke na kuyeyuka unyevuanga unapofikia kiasi cha asilimia 75. Lakini maji ya bahari yana pia kloridi ya magnesi, ambayo huyeyuka hata kwa unyevuanga wa asilimia 33 hivi. Katika mashamba ya chumvi, magnesi hiyo kwa sehemu kubwa hubaki katika yale maji machungu yanayomwagwa baada ya kuvuna. Katika chembe iliyopeperushwa na upepo, hakuna aliyeyamwaga. Kwa sababu unyevuanga wa mwambao ni mara chache kushuka hadi asilimia 33, chembe hiyo ikitua juu ya chuma haikauki kabisa. Huwa utando mwembamba wa maji ya chumvi, upitishao umeme na ulao shaba na bati, mchana na usiku.

Meno ya kipande cha ramu hupakwa dhahabu nyembamba, nayo dhahabu hailiwi na chumvi. Hata hivyo penye mikwaruzo metali ya chini huwa wazi, na uchafu hujikusanya mahali meno yanapogusana na kitako chake. Mguso huwa hafifu: leo upo, kesho haupo. Dawa si ghali. Kompyuta huzimwa, chaja na betri hutolewa, fundi hugusa chuma ili aondoe umeme tuli mwilini mwake, kisha meno ya ramu husafishwa kwa kitambaa kisicho na nyuzi na alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi. Huachwa yakauke na kurudishwa. Kisha jaribio la usiku kucha hurudiwa. Mistari myekundu isipotokea tena, mshitakiwa amepatikana. Ikitokea, ndipo kipande kinunuliwe. Katika mfano wa mwalimu, jaribio la pili lilipita bila kosa, na mfumo wa Linux ukaingia kwa muda usiozidi saa moja. Alama za kidato cha nne zilirudishwa kutoka katika nakala.

Fundisho la miaka iliyopita

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake bila ya kibali maalumu, baada ya hasara na vurugu za hesabu zilizotokana na mitambo ya wakati ule, huku ujuzi wa kuitengeneza ukiwa mikononi mwa wataalamu wa kigeni. Masharti hayo yalilegezwa pole pole katika miaka iliyofuata. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Katika miaka 30 nchi ilitoka katika kuizuia mashine na kufikia kuifundisha lugha yake.

Lakini shida ya mwaka 1974 haikuwa mashine peke yake. Ilikuwa pia ni kukosa watu wa kutambua mashine inaumwa nini. Shida hiyo bado ipo kila mahali ambapo kompyuta nzima hutupwa kwa sababu ya meno machafu ya ramu, au kazi ya mwaka mzima hufutwa kwa sababu ya jedwali la diski.

Kwa shule, zahanati na ofisi za mwambao, yafuatayo yanafaa kufanywa kuwa kawaida. Kompyuta ifunikwe isipotumika, wala isiachwe mbele ya dirisha linaloelekea baharini. Ifunguliwe na kusafishwa walau mara moja kwa mwaka. Nakala za kazi ziwe mbili na zijaribiwe. Na pembeni ya kila kompyuta liwepo daftari la kawaida, ambamo huandikwa tarehe, kosa lililotokea, mahali liliposimama, jambo moja lililobadilishwa na matokeo yake. Daftari hilo halihitaji umeme, na fundi atakayekuja baada ya mwaka mmoja ataanzia pale ambapo mwenzake aliishia.